Karatasi Isilale Kabatini: Kipimo cha Choo Kikionesha Damu

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, na kuandikwa tena kwa ajili ya wasomaji wa jarida letu la Ramadhan)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena mwezi wa Ramadhan tukiwa hai. Katika kurasa hizi umezoea kusoma kuhusu funga, swala, zaka na adabu za mwezi. Mimi nimeombwa nizungumze habari za afya, na mada niliyoichagua huenda ikakufanya ucheke kwa mkono mdomoni. Nataka tuzungumze kuhusu choo. Naam, haja kubwa. Basi cheka kwanza umalize, halafu tusikizane, kwa sababu ndani ya jambo hili kuna uhai wa baba yako, mama yako, na pengine wako wewe mwenyewe.

Mimi si sheikh. Mimi ni mtu wa hospitali. Mambo ya hukumu nitawaachia wenyewe, nami nitasema ninayoyajua. Nitaanza na kosa langu.

KISA CHA AMI

Miaka kadhaa nyuma, mwezi wa Shaaban, palikuwa na kambi ya matibabu mtaani kwetu. Wazee walipimwa presha na sukari, na waliofika umri wakapewa kichupa kidogo cha kwenda kuchukulia choo nyumbani. Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa na miaka 59. Mtu mwenye nguvu zake, duka analifungua mara tu baada ya swala ya Alfajiri, na hakuwahi kulazwa hospitali hata usiku mmoja. Akakirudisha kichupa chake kama wenziwe. Baada ya siku chache akaitwa kuchukua majibu. Karatasi imeandikwa: pozitivu.

Mzee alitetemeka. Hapa kwetu neno hilo lina maana moja tu kwa watu wengi, na si ya choo. Akanijia usiku wa kwanza wa Ramadhan, baada ya tarawehe, maana mimi ndiye mtu wa hospitali katika ukoo. Nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka, macho yananiuma. Nikaitazama karatasi kwa taa ya simu, nikamwambia: "Ami, usiwe na wasiwasi. Wewe si una bawasiri? Huenda ni hiyo. Maliza mwezi wako kwanza, halafu tutaangalia."

Maneno hayo niliyasema mimi, si mtu mwengine. Lakini "tutaangalia" haikuwa na tarehe.

Idd ikapita. Ami akanunua dawa ya bawasiri ya kupaka. Baada ya miezi minne akaenda maabara nyengine, akalipa pesa zake, akapima choo mara ya pili. Hakuna damu. Akanipigia simu kwa furaha, alhamdulillah, nami nikasema alhamdulillah. Karatasi ile ya kwanza ikalala kabatini, chini ya hati za duka.

Ramadhan ya pili akafunga, lakini akawa anahema akipanda ngazi za msikiti. Sote tukasema ni saumu na uzee. Baada ya Idd akapimwa wingi wa damu, ikaonekana iko chini sana. Ndipo daktari mmoja alipomuuliza, "Mzee, umewahi kupimwa choo?" Karatasi ikatolewa kabatini. Ilikuwa imekaa miezi 14. Kamera ilipopitishwa ikakuta uvimbe upande wa kulia wa utumbo mpana. Ilikuwa ni saratani.

Ami alipasuliwa, kisha akatiwa dawa za saratani kwa miezi. Yu hai leo, kwa rehema za Mola, na duka bado analifungua, ingawa si mapema kama zamani. Ameniruhusu nikisimulie kisa hiki bila jina lake, kwa sharti moja: niwaambie kwamba yeye hakuzuiwa na pesa wala umbali. Alizuiwa na neno "baadaye".

KIPIMO HIKI KINATAFUTA NINI?

Sasa tuelewane. Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya utumbo, urefu wake ni takriban mita moja na nusu. Ndani yake, kadiri mtu anavyokua kwa umri, huweza kuota vinyama vidogo. Madaktari huviita polipu. Vingi havina madhara yoyote mpaka mtu anakufa na vyengine vyake. Lakini baadhi hukua polepole na kugeuka saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka, mara nyingi 10 au zaidi. Miaka yote hiyo mwenye utumbo haumwi na kitu. Anakula, anafunga, anacheza na wajukuu.

Kinyama kikikua, au kikiwa tayari ni saratani, hutoa damu kidogo kidogo wakati choo kinapopita. Ni kidogo kiasi kwamba jicho halioni. Kipimo cha choo kinachotumika sana siku hizi hutafuta damu hiyo iliyojificha. Kinatambua damu ya binadamu peke yake, kwa hivyo usiseme, "Labda ni ile nyama ya ng'ombe niliyokula jana." Vipimo vya zamani vilikuwa na shida hiyo ya kuchanganya na nyama nyekundu. Hiki cha sasa hakijali umekula nini.

Lakini kina upungufu wake. Kinaweza kukuambia, "Kuna damu." Hakiwezi kukuambia damu hiyo inatoka wapi wala kwa sababu gani. Ni kama mtu anayebisha mlango usiku na kusema, "Naona moshi nyumbani kwako." Hajui kama ni jiko, ni uvumba wa bibi, au ni dari inaungua. Mwenye akili hamjibu kwa kulala tena. Huinuka akaangalia.

Na kuangalia kwenyewe ndiko kunakoitwa kolonoskopi, yaani kamera ya utumbo. Mpira mwembamba, unene wake kama kidole, wenye taa na kamera mbele, hupitishwa kwa njia ya nyuma na daktari akautazama utumbo mpana wote mpaka mwisho. Akikuta kinyama hukikata na kukitoa papo hapo. Huko New York, daktari Hiromi Shinya na mwenzake William Wolff walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukata vinyama kwa njia hiyo, mwaka 1969. Kabla ya hapo ilibidi tumbo lipasuliwe. Kwa hiyo fahamu jambo hili vizuri: kamera hii haitafuti saratani tu. Inaizuia isije.

POZITIVU SI HUKUMU

Ndugu yangu, ukipata majibu haya usianze kuandika wasia kwa hofu. Huko California, Marekani, walifuatiliwa watu zaidi ya 70,000 wa umri wa miaka 50 hadi 70 waliopata majibu kama ya ami, na utafiti ukachapishwa mwaka 2017. Waliokutwa na saratani ni kama watu 3 katika kila 100. Wengine wengi walikuwa na vinyama tu, au bawasiri, au hawakuwa na chochote.

Watu 97 katika 100 hawana saratani. Hiyo ni habari njema. Lakini hakuna aliyeandikwa kwenye paji la uso kwamba yeye ni katika wale 97. Njia ya kujua ni moja, ni kuangaliwa.

Na asiyeangaliwa je? Mwaka 2022 jarida la tiba liitwalo Gut lilichapisha utafiti kutoka jimbo la Veneto, Italia. Walitazama watu zaidi ya 111,000 ambao kipimo chao cha choo kilionesha damu. Katika waliokwenda kupigwa kamera, baada ya miaka 10 karibu watu 7 katika kila 1,000 walikuwa wamekufa kwa saratani ya utumbo mpana. Katika waliokataa kwenda, ni watu 16 katika kila 1,000. Zaidi ya mara mbili, na wote walikuwa na karatasi ya aina moja mkononi.

VISINGIZIO VINNE

Kwa muda niliokaa hospitali nimesikia visingizio vingi. Vinne ndivyo vinavyorudi kila siku.

Cha kwanza: "Mimi nina bawasiri." Inawezekana. Na mwezi huu wenyewe ndio wa bawasiri: maji tunakunywa machache, futari imejaa vya kukaanga, choo kinakuwa kigumu, mtu anajikamua mpaka damu inatoka. Lakini, je, mwenye bawasiri amekingwa asipate saratani? La. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Bawasiri ni jibu linalopatikana baada ya kamera kupita. Halipatikani kwa kukisia kwa taa ya simu, kama nilivyofanya mimi.

Cha pili: "Nitapima tena nihakikishe." Hiki ndicho kilichomponza ami. Kinyama hakitoi damu kila siku. Leo kinatoa, kesho kimetulia. Kwa hivyo kipimo cha pili kikikosa damu, hakikufuta cha kwanza. Kimekosa tu kuikuta siku hiyo. Ukishaambiwa kuna damu, hatua inayofuata ni kamera. Si kichupa chengine.

Cha tatu: "Nimepiga picha ya tumbo, iko safi." Ile picha ya mawimbi ambayo akina mama wajawazito hupigwa ni nzuri kwa ini, nyongo na figo. Haioni vinyama ndani ya utumbo mpana. Wala vipimo vya damu vya mkononi havitoshi. Upo uchunguzi wa mashine ya CT unaotazama utumbo kwa njia maalumu, na hutumika pale kamera inaposhindikana. Lakini nao ukiona kinyama, itabidi kamera ipite ikakikate.

Cha nne: "Siumwi na kitu." Alhamdulillah. Na hiyo ndiyo maana ya uchunguzi, kukuta kitu kabla hakijauma. Kikianza kuuma mara nyingi kimeshapiga hatua.

NI HARAKA GANI?

Hapa nataka unisikize vizuri, maana watu hukosea pande zote mbili. Kuna anayechanganyikiwa akataka kamera usiku huu huu, na kuna anayesema mwakani.

Ule utafiti wa California uliangalia pia jambo hili. Waliopigwa kamera kati ya siku 8 na 30, saratani ilikutwa kwa watu 30 katika kila 1,000. Waliokwenda mwezi wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa, hakukuonekana tofauti kubwa. Lakini waliokwenda mwezi wa 10 hadi wa 12 walikuwa 49 katika kila 1,000. Na waliopitisha mwaka mzima walikuwa 76 katika kila 1,000, na saratani zilizokwisha sambaa zikawa nyingi zaidi.

Sijakupa hesabu hii ili ukae miezi tisa. Nimekupa ili ujue kwamba siku chache hazikuui, na kwamba mwaka si siku chache. Tena mtu mmoja hajui kinyama chake kimefika wapi, kwa hivyo weka nia ya wiki chache, si miezi.

Na haya yote ni kwa mtu ambaye haumwi. Ukiona damu kwa macho yako, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, au unakonda hujui kwa nini, au umeambiwa damu imepungua mwilini, wewe usingoje kambi wala Idd. Nenda kwa daktari kesho.

NA SAUMU JE?

Swali hili niliulizwa na mzee mmoja aliyekuja na karatasi yake tarehe 5 ya Ramadhan. Nimeshajifunza, kwa hivyo safari hii nilijibu hivi.

Kuchukua choo kwenye kichupa hakuna uhusiano na saumu. Peleka hata leo. Lakini kamera ina matayarisho. Utumbo lazima uwe safi, na ili uwe safi utakunywa dawa iliyochanganywa na maji, lita mbili mpaka nne, nusu jioni ya kuamkia na nusu saa chache kabla ya kuingia. Wanachuoni wana maelezo yao kuhusu kitu kuingizwa mwilini kwa njia ya nyuma, na hayo muulize sheikh wako. Lakini mchana ukinywa lita mbili za dawa, hapo hapana mjadala, siku hiyo hukufunga. Tena dawa yenyewe inakuharisha, maji yanatoka kwa wingi, na ni lazima unywe ya kuyafidia.

Basi kuna njia mbili. Ikiwa huna dalili zozote, na daktari amekubali, chukua miadi ya Shawwal. Nasema chukua miadi, yaani tarehe iandikwe kwenye karatasi, na saa, na jina la kliniki, leo hii ukiwa umefunga. Usiseme "baada ya Idd" ukaondoka. Idd ina wageni, ina safari, ina sita za Shawwal, halafu harusi, halafu ada za shule. Utajikuta Rajab.

Ikiwa una dalili, au daktari amesema usingoje, basi kula siku hizo ulipe. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyengine imo ndani ya Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na hakuna asiyezijua. Nashangaa kwamba sisi tunaozisoma kila Ramadhan ndio wazito wa kuzitumia. Mzee anaona aibu kuonekana anakunywa maji mchana, lakini haoni tabu kulaza karatasi miezi 14.

SIKU YENYEWE INAVYOKUWA

Watu wengi huogopa kitu wasichokijua, kwa hivyo nitakueleza hatua kwa hatua.

Kiasi cha wiki moja kabla, mwambie daktari dawa zote unazotumia. Hasa dawa za sukari, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, ambavyo kwa kawaida husimamishwa maana hufanya choo kuwa cheusi na kigumu kusafika. Usisimamishe dawa yoyote kwa shauri lako mwenyewe.

Siku mbili tatu kabla, acha vyakula vyenye mbegu na makapi: mahindi, mbaazi, maharagwe, njugu, mchicha, matunda yenye kokwa ndogo. Kula wali mweupe, mkate mweupe, samaki, mayai. Siku ya kuamkia ni vitu vya majimaji unavyoweza kuona ng'ambo yake: maji, chai kavu, supu iliyochujwa, dafu. Epuka sharubati nyekundu, maana ndani ya utumbo inafanana na damu.

Kisha dawa. Sitakudanganya, ladha yake si tamu. Iweke kwenye friji, inywe polepole, kaa karibu na choo. Kazi imekamilika ukiona kinachotoka ni maji ya rangi ya manjano, yanaangaza. Usifanye ujanja wa kumwaga nusu. Utumbo ukiwa mchafu daktari haoni, na itabidi urudie yote tangu mwanzo.

Asubuhi unakwenda na mtu wako. Unatiwa dawa ya usingizi kwenye mshipa, wengi hata hawakumbuki kitu. Kazi yenyewe ni kama nusu saa, huzidi kidogo ikiwa kuna vinyama vya kukata. Kukatwa kinyama hakuumi, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo haina hisia hiyo. Baadaye tumbo hujaa upepo kidogo, unatoka, basi. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila usiendeshe gari wala pikipiki mpaka kesho yake.

Je, hatari ipo? Ipo, lakini ni ndogo. Utumbo kutoboka hutokea kwa mtu mmoja katika 1,000 au chini ya hapo. Damu kutoka pale palipokatwa kinyama hutokea mara nyingi zaidi ya hapo, na mara nyingi huzuilika. Ukirudi nyumbani ukapata maumivu makali, homa, au damu nyingi, rudi hospitali mara moja.

Vinyama hupelekwa maabara. Majibu ndiyo yatakayosema urudi lini. Kuna anayeambiwa miaka 10, kuna anayeambiwa mitatu. Usitoke hospitali bila kuuliza, na uiandike hiyo tarehe.

AIBU

Nimebakisha hili kwa makusudi kwa sababu ndilo zito. Wazee wetu hawasemi kwamba wanaogopa kamera. Wanasema hawana nafasi. Lakini ndani ya moyo ni aibu. Mzee wa watu, kanzu nyeupe, anaamkiwa mtaa mzima, leo avuliwe na kugeuzwa nyuma mbele ya vijana?

Nawaheshimu. Haya ni sehemu ya imani. Lakini hospitali nayo ina stara yake. Utafunikwa shuka, utapewa vazi lenye uwazi mdogo pale panapohitajika tu. Mama anaweza kuomba daktari wa kike au muuguzi wa kike awepo chumbani. Omba mapema, siku unapochukua miadi, si mlangoni. Kama hapatikani, dharura ina hukumu yake na sheikh atakueleza. Daktari anayefanya kazi hii ameshaona mamia ya tumbo, na usiku akilala hakumbuki lako.

Na kuna aibu kubwa kuliko hiyo, ndugu yangu. Ni pale mgonjwa wa saratani iliyosambaa anapoogeshwa na watoto wake kwa miezi kwa sababu hana nguvu za kujiogesha. Nimeyaona hayo. Sitayaeleza zaidi.

KAZI YAKO WEWE KIJANA

Utaniuliza, "Sasa mimi nina miaka 22, haya yananihusu nini?"

Yanakuhusu mara tatu.

Kwanza, ni wewe unayesoma barua za nyumbani. Baba anakupa karatasi ya hospitali, anakwambia "nitazamie". Usifanye nilivyofanya mimi. Usimpe moyo kwa kukisia. Mwambie, "Baba, hii haisemi kwamba unaumwa. Inasema tukaangaliwe. Twende tukachukue tarehe." Kisha mfuatane. Beba maji, shika foleni, uliza gharama kabla. Bima ya taifa, ambayo mpaka 2024 ilikuwa NHIF na sasa ni SHA, ina masharti yake, na kituo na kituo vina bei zake. Uliza vituo viwili vitatu, vya serikali na vya binafsi, kabla ya kusema haiwezekani. Zikipungua, sisi si ndio tunaochangishana arusi kwa wiki mbili? Tuchangishane na hili.

Pili, damu moja. Mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa kuzaliwa amepata saratani hii, yeye hasubiri umri wa wengine. Watu wa kawaida, Marekani waliteremsha umri wa kuanza uchunguzi kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Lakini mwenye ndugu wa karibu aliyeugua kwa kawaida huambiwa aanze akifika 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yule ndugu, kinachotangulia. Watoto wa ami sasa wanajua hesabu yao. Wewe unajua yako? Babu alikufa na nini? Uliza nyumbani jioni hii, wakati wa kungojea adhana.

Tatu, ugonjwa huu hauwachukui wazee peke yao. Aliyekuwa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alifariki Julai 2019 kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 41. Mwigizaji Chadwick Boseman, ambaye vijana mnamjua kwa filamu ya Black Panther, alifariki Agosti 2020 kwa saratani hiyo hiyo, naye alikuwa na miaka 43. Sisemi kila kijana akapigwe kamera. Nasema kijana anayeona damu chooni asijifiche nyuma ya neno bawasiri.

MWISHO

Yule mzee wa tarehe 5 ya Ramadhan alichukua miadi siku ile ile. Binti yake aliiandika tarehe kwa kalamu ya wino na kuibandika kwenye mlango wa friji, ambapo kila anayechukua maji ya futari aliiona. Wiki ya tatu ya Shawwal alikwenda. Vilikutwa vinyama viwili, kimoja kikubwa kama zabibu. Vikakatwa. Alirudi nyumbani kabla ya Alasiri, akaomba uji.

Nilipomhadithia ami, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, basi kosa letu limemfaa mtu."

Alisema letu. Hakusema lako. Lakini mimi najua nilichokisema usiku ule.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kuliweka jarida hili chini, fanya kitu kimoja. Muulize baba, muulize mama, muulize shangazi anayekaa peke yake: "Mlipopimwa ile siku, majibu yalisema nini?" Ikiwa ipo karatasi imelala kabatini, itoe leo, na mpige simu ya miadi kesho asubuhi.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atufikishe Ramadhan nyengine sote tukiwa kwenye safu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.